UZI: PS4 Pro, Xbox One X, PS5 Pro... hizi konsoli za katikati ya kizazi zinamfaa nani hasa?

Fundi_Pedi

Wakuu habari za mchana. Nimeona nishushe huu uzi maana haipiti wiki sijaulizwa "kaka nichukue PS4 ya kawaida au nijikamue niongeze nichukue Pro", na sasa hivi maswali yamehamia PS5, "hii Pro ina nini cha ziada mpaka iuzwe bei ile". Nna fremu ya gemu huku Mbagala, mwaka wa tisa huu, nilianza na PS2 mbili na tivii za chogo, leo nna PS4 tano na moja kati ya hizo ni Pro, kwa hiyo ntakachoongea hapa nakaa nacho kila siku toka saa nne asubuhi mpaka usiku, sijasimuliwa.

Kwanza tuelewane hizi mashine ni nini. Zamani ukinunua konsoli, yaani mashine ya gemu, umenunua, unakaa nayo miaka sita saba mpaka kampuni ilete namba inayofuata, na gemu ikiandikwa jina la konsoli yako unajua inapiga kwako sawasawa na inavyopiga kwa jirani. Sony wakaugusa huo utaratibu. PS4 ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399 kule Marekani, sasa hata haijazeeka, Septemba 2016 wakaita watu New York wakawaonesha PS4 Pro, Novemba 10 ikaingia madukani kwa dola 399 zilezile huku Slim, ile PS4 ya kawaida iliyopunguzwa umbo, ikiwekwa 299. Microsoft wakajibu Novemba 2017 na Xbox One X, hiyo dola 499. Sio kizazi kipya, gemu ni zilezile, ila chuma kina nguvu zaidi.

Kwa nini walifanya hivo wakati PS4 ilikuwa inauza vizuri kabisa? Andrew House, bosi wa PlayStation wakati ule, alieleza kwamba takwimu zao zilionesha konsoli ikifika katikati ya umri wake wale wachezaji wanaotaka picha kali kuliko zote wanaanza kuhamia kwenye kompyuta. Na tivii za 4K nazo zilikuwa zinaingia majumbani. Pro ilitengenezwa ili huyo mtu asihame. Naomba mlishike hilo, HUYO mtu. Huku kwetu inauzwa kama vile ukichukua ya kawaida umeibiwa, na hilo ndo limenikalisha chini kuandika.

Twende kwenye namba. Chipu ya picha ya PS4 ya kwanza ina teraflopi 1.84 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupiga hesabu), ya Pro ina 4.2. Prosesa, ile chipu ya kufikiri, ni ileile Jaguar ya kori nane, imepandishwa tu kutoka 1.6 mpaka 2.1 GHz. Memori ni GB 8 zilezile, wakaongeza GB 1 ya aina ya taratibu ya kuwekea vitu kama Netflix ukiwa katikati ya gemu. Sasa chukua karatasi tupige hesabu. Skrini ya full HD ni 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli milioni 2 na kidogo. Skrini ya 4K ni 3840 kwa 2160, inakaribia milioni 8.3, mara nne kamili. Kazi imeongezeka mara nne, nguvu imeongezeka mara mbili na robo tu, haitoshi!! Hilo pengo wakaliziba kwa ujanja unaoitwa checkerboard. Fikiria ubao wa drafti ule wa vizibo vya soda, picha hii mashine inachora vyumba vyeusi tu, picha inayofuata inachora vyeupe, alafu inajaza zilizobaki kwa kuangalia ilichochora muda mfupi uliopita. Na mi siupondi huo ujanja, ukikaa kwenye kochi mita mbili kutoka kwenye tivii huoni kasoro, Horizon Zero Dawn ilitumia njia hiyo na ilipendeza sana.

Ila hapa ndo pa kukaa. Kwangu wateja kumi wakiingia nane wanacheza mpira. Na FIFA kwenye PS4 ya kawaida toka mwanzo inaenda picha 60 kwa sekunde kwenye full HD. Pro haikuongezei hata moja ya 61. Kuna kipindi vijana walikuwa wanagombania mashine ya Pro, mtu yuko radhi asubiri nusu saa wakati PS4 nyingine ziko wazi, ananiambia "ile inawahi kupiga pasi". Nikaamua siku moja nimalize ubishi. Nikachukua tivii mbili za aina moja, full HD, nikaweka mashine zote mbili nyuma ya pazia, pedi zote mpya, nikawaita vijana wanne wanaojua mpira haswa, kila mmoja akacheza mechi moja moja kila upande. Watatu walikosea au walisema hazina tofauti. Mmoja alipatia, na nilipomuuliza umejuaje akanambia "nimesikia feni". Alitumia sikio, macho hayakumsaidia chochote.

Kwa hiyo mtu wa mpira, mwenye tivii ya kawaida, hela ya ziada ya Pro nunua pedi ya pili na tivii yenye geim modi nzuri, ile seti ya kufanya picha isichelewe ukibonyeza. Naomba kuwasilisha, karibuni tujadili.

Kisiki_Mwanza

Mkuu heshima yako ila hapo naona umeongelea biashara yako zaidi kuliko mashine yenyewe. Sio kila mtu anacheza mpira. Mimi nilichukua Pro 2018 nikaiunga na 4K ya inchi 55, nikaweka God of War, wallahi nilikaa dakika kumi naangalia theluji kwenye manyoya ya koti la yule mzee kabla hata sijapigana na mtu. Na kingine muhimu umekiruka, ile gemu ilikupa UCHAGUZI, unachagua picha kali au unachagua ichezeke laini zaidi. Mwenye PS4 ya kawaida hana huo uchaguzi. Alafu hata kwa mwenye full HD kuna faida, Machi 2018 ilikuja apdeti ya 5.50 yenye supersampling, gemu nyingi mashine inachora picha kubwa kisha inaibana iingie kwenye full HD, zile kingo za vitu zenye menomeno zinatulia. Mi nna mdogo wangu ana tivii ya full HD na Pro na tofauti anaiona kwenye gemu za vita na za misituni.

Fundi_Pedi

Kisiki nimekubali mkuu, hapo kwenye supersampling niliruka na umenisahihisha vizuri. Gemu za mtu mmoja zenye mazingira makubwa Pro inafanya kazi inayoonekana hata full HD. Ila wewe ndo yule mtu wa Andrew House, una 4K ya inchi 55, unakaa na theluji dakika kumi, hiyo mashine ilitengenezwa kwa ajili yako na hela yako haikupotea.

Niongeze kitu kimoja maana huwa kinatumika kuuzia watu. HDR, zile rangi kali, wauzaji wanasema ni ya Pro. Sio kweli. Sony waliiwasha kwenye PS4 zote mpaka ile ya 2013 kwa apdeti ya Septemba 2016. Ukiwa na tivii ya HDR na PS4 nzeeeh unaipata. Na mimi Pro yangu nilipoinunua dukani nilihakikishiwa na mdomo mkavu kwamba inasoma diski za filamu za 4K, nikarudi nyumbani, nikaazima diski, haisomi, kuja kutafuta nakuta haijawahi kuwekewa hicho kisomeo tokea kiwandani. Xbox One X ndo ilikuwa nacho. Iliniuma kwa sababu sehemu ya hela niliongeza kwa ajili ya hicho kitu.

Njoro_254

Hii mjadala ni poa sana, wacha niongeze ya historia kidogo kutoka huku Nairobi. Watu wanadhani hii kitu ilianza na Sony lakini imejaribiwa kitambo na wengine waliumia vibaya. Sega mwaka wa 1994 walitoa kitu inaitwa 32X, unaichomeka juu ya konsoli yao ya Mega Drive ndio ipate nguvu zaidi. Sasa shida, mwezi uleule inaingia madukani Marekani, Novemba, hao hao Sega wanatoa Saturn kule Japani, konsoli mpya kabisa. Nani atatengenezea gemu 32X na anaona Saturn iko njiani? Ikafa haraka na wale walikuwa wamenunua wakaachwa hivyo tu. Watu wengi wanasema imani ya wateja kwa Sega iliharibikia hapo na mimi nakubaliana nao.

Nintendo nao walifanya New 3DS, toleo lenye nguvu zaidi la ile 3DS yao ya mkononi, Japani ilitoka 2014, halafu wakatoa Xenoblade Chronicles 3D ambayo inacheza kwa hiyo mpya pekee. Hapo unaona mwenye ya zamani ameambiwa baki nyuma. Sony na Microsoft walikuwa wajanja, wakaweka sheria kila gemu lazima icheze kwa konsoli ya kawaida pia, hakuna gemu ya Pro pekee. Kwangu mimi hiyo sheria ndio iliokoa hizi mashine, kuliko hata teraflopi.

Kisiki_Mwanza

Njoro sheria ilikuwepo ndio lakini kwenye makaratasi. Kumbuka Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Kwenye sanduku imeandikwa PS4, mtu ana PS4 yake ya 2013 kanunua kwa hela yake, anawasha, gari zinatokea hewani, watu hawana sura, gemu inajizima. Ilikuwa mbaya mpaka Sony wenyewe wakaitoa kwenye duka lao la mtandaoni baada ya kama wiki hivi na kurudishia watu hela. Ilirudi Juni 2021 na ikarudi na tangazo kwamba kwa mwenye PS4, ichezeni kwenye Pro. Sasa mtu wa PS4 ya kawaida aliyeambiwa miaka minne nyuma usijali gemu zote ni zako, hapo anaelewaje? Ndo maana mi nasema kama hela ipo chukua yenye nguvu, miaka ya mwisho ya kizazi ndo utaona kazi yake.

Fundi_Pedi

Hii hoja ya Kisiki ndo nzito kuliko zote kwenye huu uzi na siwezi kuipinga, naweza tu kuipunguza kidogo. Gemu za mwisho wa kizazi ndo zinazoumiza mashine ya kawaida, kweli kabisa. Nimeona kwangu, mwaka wa kwanza PS4 zangu zilikuwa kimya, miaka ya mbele gemu kubwa ikiwekwa mashine inalia kama pangaboi bovu.

Ila tuangalie Pro iliongezewa nini. Picha mara mbili na zaidi, prosesa asilimia 31 tu. Sasa kwenye gemu kuna kazi mbili, kuna kuchora na kuna kufikiri. Magari barabarani yaende wapi, adui ajifiche wapi, ukuta ukipigwa uangukeje, hizo ni kazi za prosesa. Gemu ikiwa imebanwa kwenye kufikiri hata ukiipa chipu ya picha mara kumi haiendi. Ndo maana zipo nyingi zilibaki picha 30 kwa sekunde kwenye PS4 na 30 kwenye Pro. Bloodborne mpaka leo ni 30 kwenye zote mbili maana haikuwahi kuletewa apdeti ya kuitambua Pro. Mtu akinunua chuma akitegemea kila kitu kitakuwa laini anajiandalia machungu.

Na upande wa pili wa hiyo shilingi uko kwa Xbox. 2020 walitoa mbili kwa mpigo, Series X ya teraflopi 12 na Series S ya 4, wakasema kila gemu lazima iwe sawa kwenye zote. Baldur's Gate 3 ilitoka kompyuta Agosti 2023 na PS5 Septemba, Xbox wakasubiri mpaka Desemba kwa sababu ile ya kucheza wawili kwenye skrini moja iligoma kukaa kwenye Series S, na mwisho wakairuhusu itoke bila hicho kipengele kwenye S. Kwa hiyo mashine mbili zenye nguvu tofauti chini ya jina moja lazima kuna mtu anaumia, ama mdogo anaachwa ama mkubwa anasubirishwa.

Mwanahawa_Unguja

Assalam aleikum. Mimi naomba tuiseme PS5 Pro maana hiyo ndo imeniudhi kikweli. Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine za PlayStation, aliitangaza Septemba 10, 2024, ikatoka Novemba 7, dola 699.99, na Agosti 2025 Marekani ikapanda mpaka 749.99. Haya bei tuiache, kila mtu na mfuko wake. Kilichonikaa rohoni ni kwamba HAINA SEHEMU YA KUWEKA DISKI. Unanunua mashine ghali kuliko zote alafu kisomeo cha diski unanunua mbali, dola 79.99, na hata ukikipata lazima uwe na intaneti siku ya kwanza ya kukifunga ndo kikubali.

Mie na kaka zangu tuko watatu, diski zetu zinazunguka. Mmoja akimaliza anampa mwengine, tukimaliza wote tunauza au tunabadilishana na mtu, hela ya diski moja tunachezea gemu nne tano kwa mwaka. Hivi ndo watu wengi huku wanavocheza. Gemu ya kudaunlodi huwezi kumpa mtu, huwezi kuiuza, na gemu kubwa za sasa zinapita GB 100, kwa bando la simu hiyo ni gemu ya pili unanunua. Wametuwekea hifadhi ya TB 2 ndani, asante, lakini ya kujaza na nini?

Ufundi wenyewe siupingi, nimesoma. Vipande vya kuchorea picha kutoka 36 mpaka 60, memori kasi zaidi kwa asilimia 28, Sony wanasema kuchora kunakwenda haraka kwa asilimia 45, na ule mfumo wao wa PSSR unaotumia akili mnemba kukuza picha badala ya ule wa drafti alouelezea Fundi. Vizuri vyote. Lakini kwangu mie PS5 ya kawaida yenye diski ni mashine bora kuliko Pro isiyo na diski, na hilo sitolibadilisha mpaka waniwekee mlango wa diski.

Njoro_254

Mwanahawa umegonga ndipo. Huku pia diski ndio uchumi wa gemu, kuna stoli mjini watu wanaenda na diski moja wanaongeza kidogo wanatoka na ingine. Ukitoa hiyo kitu umetoa watu wengi sana.

Fundi_Pedi

Dada Mwanahawa ubarikiwe, mi mwenyewe ningeanza kuandika hiyo ningemaliza betri. Piga picha fremu kama yangu, mashine tano, diski nahamisha kutoka hii kwenda ile kulingana na mteja anataka nini. Bila diski hiyo biashara inabadilika kabisa.

Na prosesa ya PS5 Pro ni ileile Zen 2 ya PS5, kuna namna ya kuipandisha kasi kwa kama asilimia 10 basi. Wamerudia kanuni ileile ya 2016, ongeza kuchora, acha kufikiri. 2016 walikupa hiyo kwa bei ambayo PS4 yenyewe ilianzia. Safari hii PS5 ya diski ilianza 499.99, Pro ikaanza 200 juu ya hapo, ukiweka na kisomeo ilikuwa inagonga karibu 780 hata kabla haijapanda.

kijana_wa_Buza

Wakuu samahanini naingilia, nmesoma yote. Mm nna tv inch 32, nacheza sana mpira na kidogo gta, kuna jamaa ananiuzia ps4 pro used na kuna mwingine ana slim used bei iko chini. Nimejichanga mda mrefu sitaki kukosea. Nichukue ipi na huyo wa pro ntajuaje hanidanganyi??

Kisiki_Mwanza

Dogo kwa inchi 32 hata mimi mtetezi wa Pro nakwambia chukua Slim.

Fundi_Pedi

Mdogo wangu kwanza geuza hiyo tivii nyuma au ingia kwenye maelezo yake uangalie. Inchi 32 nyingi hata full HD sio, ni 1366 kwa 768, na kama ni hivyo Pro utakuwa unaipa kazi ambayo tivii haiwezi kuionesha. Mpira ni 60 kwenye Slim pia. Mi nakushauri Slim, hela inayobaki weka pedi ya pili na diski mbili.

Lakini kama roho iko kwenye Pro, usitoe hela kabla hujafanya haya. Hesabu tabaka, Pro ina tabaka tatu kama mkate uliopangwa, Slim ina mbili, kuna watu wanauziwa Slim kwa jina la Pro. Nyuma Pro ina tundu moja la USB, Slim haina. Alafu soma kibandiko kwa chini, namba inaanza na CUH-70, CUH-71 au CUH-72. Za 70 ni za 2016, hizo zinapiga kelele, za 72 zilikuja 2018 zimetulia zaidi. Kibandiko kikiwa kimefutika angalia tundu la umeme, 70 na 71 zinatumia waya mnene kama wa kompyuta ya mezani, 72 inatumia waya mdogo wa redio ule wenye umbo la namba 8.

Na usijaribishe kwa menyu. Menyu haimchoshi mtu. Mwambie aweke gemu nzito, kaa nayo nusu saa, iwe imeingia kwenye mazingira ya wazi sio ukumbini kwenye kuchagua wachezaji. Weka kiganja nyuma inapotokea hewa. Hewa ikiwa ya moto na inatoka kwa nguvu ni sawa, inapumua. Ikiwa feni inaunguruma lakini kiganja hakisikii hewa ya maana, ndani kuna vumbi limeshikana au pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, imekauka, mpunguzie bei ya kwenda kwa fundi au muache nayo. Toa diski na kurudisha mara tatu, isikwame. Ukienda kumuona nitumie picha ya hicho kibandiko PM, nipo mpaka saa nne usiku.